Bomba Jipya la Darubini, Kipupwe cha 1956

Temeke, Jumapili, 15 Julai 1956

Leo ni miaka thelathini na mitano na miezi mitatu tangu nilipoondoka Bukoba. Nimehesabu kwa sababu jana ilifika barua ya dada yangu Genoveva. Kaka yetu Gaudens alifariki mwezi wa Mei na hakuacha mtoto. Kibanja cha baba, yaani migomba, mibuni, nyumba na makaburi ya wazee wetu, hakina mwenyewe. Ukoo utakaa Jumapili ya mwisho ya Septemba. Nikiwapo, kibanja ni changu. Nisipokuwapo, kitakwenda kwa Polikarpo, mtoto wa baba yetu mdogo, ambaye shamba lake linapakana na letu.

Genoveva anaishi humo tangu mumewe afe. Hakuomba kitu. Amemtumia mwalimu wa kigango cha kanisa kuniandikia: "Uamuzi ni wako. Njoo, au tuma neno."

Nitakwenda. Mwaka 1921 Polikarpo aling'oa mimea ya mpaka akaisogeza upande wetu. Nilipima mwenyewe kwa kamba nikapata hatua sita. Nilipeleka shauri kwa wazee, wakanikemea mimi na kumwacha yeye. Wiki ileile nilijitwika mzigo wa wapima ardhi waliokuwa wakipita, na sikurudi tena, hata kuzika. Basi sasa nitarudi. Hatua sita zile nitazirudisha mbele ya macho yake.

Treni mpaka Mwanza, kisha meli. Nitaondoka Alhamisi, tarehe 20 Septemba.

17 Julai

Nimemwambia Benedicta. Binti yangu huyu ni mwalimu wa shule ya wasichana, amezaliwa hapa hapa mjini, na Bukoba anaijua kwa ndizi ninazomsifia. Alikuwa anasahihisha madaftari.

"Na mie?" akauliza.

"Wewe una kazi yako. Utakuja likizo."

"Na darubini?"

Nikasema darubini naichukua. Akacheka, akasema nitapanda meli na mzinga, watanikamata.

Si mzinga, ingawa bomba lake ni refu kama mtoto wa miaka saba. Ni darubini ya lenzi, na kioo chake cha mbele kina upana wa inchi tatu. Aliniachia mpima ardhi mmoja alipostaafu mwaka 1948, kwa kuwa ni mimi niliyetunza vyombo vyake miaka kumi na saba. Kioo ni kizima. Ubovu uko nyuma, kwenye bomba la jicho, yaani kile kibomba kidogo kinachobeba kioo cha kuchungulia, unachokisogeza ndani na nje mpaka unachokitazama kitulie na kuwa kikali. Husogezwa na kigurudumu cha meno kinachouma ukanda wa meno. Meno matatu yamevunjika, na kibomba chenyewe kinacheza ndani ya kikuta chake, yaani ala kinamoteleza. Ukigusa, nyota inaruka pembeni. Ukingoja itulie, imeshapita.

Mwezi wa Septemba sayari ya Mirihi itatukaribia kuliko wakati wowote tangu 1924. Nafasi nyingine kama hiyo ni mwaka 1971, na sina mpango wa kuingoja. Nataka kuiona sawasawa mara moja, hapa, kabla sijafunga mizigo.

21 Julai

Nimekwenda Chang'ombe kwa fundi Remtulla. Anatengeneza cherehani na ana mashine ya kukerezea chuma. Ni Mshia, Ithnaasheri, mtu wa miaka arobaini hivi, mwenye kalamu ya risasi sikioni. Nilimkuta akibishana na mteja kuhusu sindano.

Alishika bomba la jicho, akalitikisa karibu na sikio kama mtu anayechagua nazi.

"Mzee Adelard, hii imekufa zamani. Wewe ulikuwa unakaa na maiti nyumbani."

"Nataka ukanda mpya wa meno."

"Meno ya nini? Meno yanaruka. Nitakukerezea bomba jipya la shaba, na kusukuma tutasukuma kwa skrubu. Njia zake, ile mistari ya kuzunguka, ishirini na nne kwa inchi. Unazungusha mara moja, inakwenda unywele."

Nimetumia skrubu za namna hiyo kwenye vyombo vya kupimia maisha yangu yote, na haikunijia kichwani. Nikamwambia ni wazo zuri. Akasema anajua.

Tuligombana juu ya jambo moja tu. Mimi nilitaka bomba liteleze kwa grisi. Yeye anataka kulivika kitambaa cha mahameli ndani ya kikuta, shaba isikwaruze shaba. Nikamwambia mahameli hunyonya unyevu, na hapa ni pwani. Akasema, "Wewe tazama nyota, shaba niachie mie." Nimemwachia.

24 Julai

Upepo wa kusi, baridi nzuri. Hakuna jipya.

30 Julai

Bomba limekerezwa. Lina rangi ya asali. Skrubu bado. Kwa kishikio cha kuzungushia amechagua gurudumu dogo kutoka cherehani iliyokufa. Nimeketi karakanani mpaka saa sita, nikashikishwa taa mara mbili.

4 Agosti

Skrubu ya kwanza imeharibika mwishoni kabisa. Remtulla aliitupa dirishani, akatoka kwenda kuiokota, akairudisha mezani. Amesema ataanza nyingine Jumatatu.

7 Agosti

Jioni nilipita karakanani, nikawakuta wamesimama barabarani wote wakitazama magharibi: Remtulla, mkewe Nurbanu, na mama yake, Bi Rubabbai, aliyeletewa kiti.

"Mzee Adelard!" akaniita bibi. "Leo tunatafuta mwezi, na wewe mwenye darubini umekuja mikono mitupu!"

"Darubini yangu iko vipande vipande mezani kwa mwanao, mama."

"Basi pole. Mie nauona." Akanyoosha kidole. Kweli, ulikuwa pale, mwembamba kama ukucha uliokatwa. Remtulla alikuwa bado anakunja macho. "Huyu kijana wangu macho ameyamaliza kwenye sindano za watu," bibi akasema.

Kisha sauti yake ikabadilika. Ulikuwa mwezi wa Muharram. Nurbanu alianza kulia palepale, kimya, kama mtu aliyepata habari za msiba usiku ule. Remtulla akanivuta kando.

"Mzee, kesho nafunga. Siku kumi ni za Imamu Husein. Mashine haizunguki."

"Skrubu imebaki nusu."

"Najua imebaki nusu."

Naandika ukweli: nilikasirika. Nilitembea mpaka Temeke nikihesabu siku. Kumi zake, na tatu za kumalizia, na mbili za kufunga.

10 Agosti

Mbingu safi mno. Nimeitazama Mirihi kwa macho matupu, nyekundu, juu ya paa la jirani. Bomba liko nyuma ya mlango uliofungwa.

13 Agosti

Vilevile.

17 Agosti

Ashura. Benedicta na mimi tuliona msafara wao mjini, wote wamevaa nyeusi. Remtulla alikuwa pekupeku, anapiga kifua. Sikumtambua mpaka alipopita. Huyu ndiye anayecheka na kila mteja. Watu hawa wanamlilia mtu aliyeuawa miaka elfu moja na mia tatu iliyopita kana kwamba wamemzika asubuhi. Mimi nilipata barua ya kifo cha ndugu yangu wa tumbo moja nikafikiria mpaka wa shamba.

22 Agosti

Skrubu imekamilika. Mahameli ametoa Bi Rubabbai, nyeusi, kutoka pindo la gauni lake la zamani. "Mwambie asiitazame miguu ya watu kwa gauni langu," amesema.

25 Agosti

Tumelifunga. Remtulla alikuja mwenyewe na bisibisi tatu na fundo la mahamri. Alifunga, akafungua, akaweka karatasi nyembamba upande mmoja, akafunga tena. Kisha akaniambia nizungushe.

Sijui nieleze vipi. Lile gurudumu la cherehani linazunguka kama kijiko kwenye asali. Hakuna mruko. Bomba linaingia na kutoka bila kuyumba hata chembe.

"Sema kitu, mzee," akasema.

Nikasema ni kazi nzuri. Akasema anajua.

26 Agosti

Nimeiona. Saa tatu usiku, uani, Benedicta ameshika daftari nami namtajia. Duara kamili la rangi ya chungu kipya. Kusini kofia nyeupe ya barafu, ndogo na kali kama ukingo wa sahani. Katikati michirizi ya kijivu, na mmoja umechongoka kama jino. Nilizungusha skrubu nusu unywele, ile michirizi ikajitenga. Miaka minane ninayo darubini hii, na nilikuwa sijapata kuitumia.

Benedicta alitazama muda mrefu. "Baba, ina barafu kweli," akasema. "Nitawaambia watoto kesho."

28 Agosti

Nimeiona tena. Nimechora.

1 Septemba

Mirihi haikukubali kuwa kali. Huenda ni hewa.

3 Septemba

Si hewa. Nyota za pembeni zimetulia. Mirihi ni duara tupu, kama chungwa lililomenywa. Kofia haionekani, michirizi haionekani. Nimezungusha skrubu mbele na nyuma mpaka mkono umechoka.

4 Septemba

Vilevile. Siku sita tu kabla ya usiku wenyewe wa Mirihi, tarehe 10. Ni mahameli. Nilisema tangu mwanzo kwamba hunyonya unyevu. Imevimba upande mmoja, imelipinda bomba.

5 Septemba

Nimefanya jambo ambalo lazima niliandike lilivyokuwa.

Nilichomoa bomba, nikalifunga kwenye gazeti, nikaenda Chang'ombe. Karakanani kulikuwa na wateja watatu na bibi ameketi pembeni anachambua mchele. Remtulla alitabasamu. Mimi niliweka bomba mezani kwa kishindo.

"Kazi yako imeharibika baada ya siku kumi tu."

Tabasamu likabaki, ila macho yakaondoka. "Imeharibika vipi, mzee?"

"Nilikwambia grisi. Ukaniletea pindo la gauni. Sasa limevimba, bomba limepinda, na sayari ambayo haijatukaribia hivi tangu mwaka 1924 naiona kama chungwa."

Mteja mmoja akacheka. Bi Rubabbai akaacha mchele.

Remtulla alifungua gazeti, akatoa kipimo chake, akapima bomba sehemu nne, moja baada ya nyingine, bila haraka. Kisha akanisogezea kipimo.

"Pima wewe."

Sikupima. Nilisema mimi si fundi wa cherehani. Ndivyo nilivyosema, mbele ya wateja wake na mama yake, kisha nikachukua bomba nikatoka. Nyuma nilimsikia bibi: "Mwache. Mtu akikaribia safari hugombana na kila mtu, apate kuondoka vizuri."

Nilimsimulia Benedicta jioni, nikidhani ataniunga mkono. Alikuwa anapepeta mchele, na aliendelea kupepeta.

"Ulimpa nafasi ya kujieleza?"

"Alipima. Akasema nipime mimi."

"Na hukupima! Baba, wewe? Unayepima hata chumvi?" Akatua ungo. "Samahani, nitasema. Huyo Polikarpo wako naye, ulimpa nafasi? Maana tangu nizaliwe nasikia hatua sita, hatua sita. Sijawahi kusikia yeye alisema nini."

Nikamwambia zile nilipima.

"Ulipima umbali," akasema. "Nani aling'oa, ulimwona?"

Sikumwona. Niliamka nikakuta mimea iko pengine, nami nikajua ni yeye kwa sababu yeye ndiye jirani.

6 Septemba

Asubuhi nilirudishia bomba, nikaelekeza darubini kwenye ukuta wa kiwanda ng'ambo ya Chang'ombe, karibu maili nzima. Nilisoma maandishi ukutani. Nilisoma hata namba ndogo chini ya maandishi. Saa moja na nusu jioni nikatazama Zohali: pete zake kali kama zimekatwa kwa wembe, na mwanya mweusi kati yake. Skrubu inatii. Bomba limenyooka.

Kisha, saa tatu, Mirihi: chungwa lililomenywa.

Basi bomba halina kosa, na mahameli haina kosa. Mirihi yenyewe imefunikwa na kitu. Vumbi pengine, kama lile la Dodoma wakati wa kiangazi. Sijui, na huenda sitajua. Ninachojua ni kwamba niliona vizuri kabisa kitu kisichoonekana, nikamlaumu aliyeniwezesha kuona.

Kabla ya kulala nimemwandikia Genoveva barua, kesho itakwenda kwa ndege. Swali moja tu: mwaka ule, mimea ya mpaka aliing'oa nani?

8 Septemba

Nimekwenda Chang'ombe mapema makusudi, wakati kuna wateja. Nilichosema ndani mwa karakana mbele ya watu niliona kinafaa kufutwa palepale. Walikuwa watano leo.

"Fundi Remtulla," nikasema, "bomba ni zima. Nimelipima. Siku ile nilikutukana bure. Nakuomba radhi, na mama pia."

Remtulla aliendelea kutia mafuta cherehani ya mteja. "Mahameli?"

"Mahameli ni sawa."

"Grisi?"

"Grisi ingekuwa makosa."

Hapo akainua uso. "Rudia, huyu bwana hakusikia." Watu wakacheka, nikarudia. Bi Rubabbai akasema sasa mimi ni mtoto wa nyumbani, kwa hiyo nimsogezee lile gunia la mchele, mgongo unamuuma. Nikalisogeza.

Remtulla aliniuliza basi Mirihi ina nini. Nilipomweleza, akawaza. "Kwa hiyo ungenipata mapema ungeiona zaidi. Siku zangu kumi ndizo zilikula."

Nikamwambia hapana. Nimeiona siku mbili, tena kwa bomba lake, na siku kumi zile ni zake.

10 Septemba

Ndio usiku wenyewe. Remtulla alikuja na Nurbanu na bibi, tukapanga viti uani. Mirihi kubwa, nyekundu na tupu. Bibi alitazama akasema ni nzuri hivyo hivyo. Kisha nikawaonyesha Zohali iliyokuwa inakaribia kuzama, na Remtulla hakutaka kutoka kwenye kioo.

"Ina pete kweli," alisema mara tatu. Alikuwa hajawahi kuchungulia. Wiki zote zile alikereza na kupima bomba asilojua linaonyesha nini, na mimi sikuwahi kumwambia, njoo utazame.

14 Septemba

Nimefunga sanduku la vitabu. Barua haijafika.

17 Septemba

Barua haijafika.

18 Septemba

Sanduku la pili. Benedicta ananisaidia, anazibana nguo kwa nguvu. Nimemwuliza kama ana hasira. "Sina hasira, Baba. Najifunza kupika chakula cha mtu mmoja."

19 Septemba

Imefika mchana huu, siku moja kabla ya treni. Nainakili, kwa sababu karatasi yake ni nyepesi na nataka ibaki.

"Kaka Adelard. Nimecheka, kisha nimelia. Mimea hakuing'oa Polikarpo. Aliing'oa Tata, baba yetu mwenyewe. Mwaka wa njaa baada ya vita, migomba yetu ilipokauka, baba yake Polikarpo alitupa machipukizi ya migomba na chakula cha miezi minne. Tata hakuwa na cha kumrudishia. Akampa zile hatua sita, usiku, kwa sababu aliona haya watu wamwone anapunguza kibanja cha baba zake. Wazee walijua. Ndiyo maana walikukemea. Hawakuweza kukuambia mbele ya watu bila kumwaibisha Tata, na wewe ulikuja na kamba yako na sauti kubwa, hukumpa mtu nafasi ya kukuita pembeni. Tulidhani utarudi baada ya mwezi tukuambie. Tata alikungoja mpaka anakufa.

"Polikarpo ni mzee sasa, jicho moja halioni. Paa ninalolala chini yake aliezeka yeye, na Gaudens alipougua, aliyembeba ni yeye. Hajawahi kukusema vibaya. Huuliza tu, yule wa kamba, bado yu hai?

"Ukija utapokewa. Ila usije kwa ajili ya zile hatua."

Nimeisoma mara nne. Benedicta ameisoma mara moja, akaniwekea mkono begani, akatoka nje kuniacha.

Vipimo vyangu vilikuwa sahihi. Ni hatua sita kamili. Ningezipima leo ningepata sita. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

20 Septemba

Treni imeondoka. Nimeisikia.

23 Septemba

Jana niliandika barua kwa ukoo, shahidi Benedicta, shahidi wa pili Remtulla, ambaye aliisoma yote kabla ya kutia sahihi kwa sababu, alisema, safari hii anataka kujua anafanyia kazi kitu gani. Imekwenda kwa ndege. Nimesema mambo matatu. Kibanja cha baba yetu apewe Polikarpo. Dada Genoveva akae ndani yake mpaka mwisho wa uhai wake, na asiondolewe na mtu. Na mimi, Adelard, nilimshitaki ndugu yangu kwa uongo ambao sikujua ni uongo, na ninamwomba radhi mbele ya wote, kwa kuwa nilimshitaki mbele ya wote. Nimeagiza barua isomwe kwa sauti.

Nilijaribu kuongeza la nne, kwamba nitakuja kuwatembelea. Niliandika mstari, nikaufuta. Ningekwenda kufanya nini? Kuna watu kule wanaofahamiana, waliobebana na kuzikana, na mimi wananijua kwa kamba. Watu wanaojua jinsi ninavyokunywa chai wako hapa.

25 Septemba

Nimefungua sanduku la vitabu.

26 Septemba

Ni siku ya arobaini ya Imamu wao. Karakana imefungwa. Nimekwenda kuketi nao, sikualikwa na sikufukuzwa. Bi Rubabbai alinipa kikombe na kusema nimwombolezee na ndugu yangu Gaudens, nafasi ipo. Basi nimelia, kwa mara ya kwanza tangu Julai, kati ya watu wanaomlilia mwingine, na hakuna aliyeniuliza ninamlilia nani.

30 Septemba, Jumapili

Leo ukoo unakaa. Saa hii huenda mwalimu wa kigango amesimama na karatasi yangu mkononi, Polikarpo amegeuza jicho lake zima upande wake. Genoveva atanieleza.

Jana jioni Mirihi ilikuwa na doa la kijivu, hafifu. Linarudi. Remtulla anataka kukereza kikuta kingine cha kupokea vioo vikubwa zaidi vya kuchungulia. Tumekubaliana kuanza Jumatano, na nitapima mimi.

Nimeishi mji huu miaka mingi kuliko niliyoishi kwetu. Nina afya, nina binti, nina kazi ya kufanya. Sitarudi Bukoba.